Laini Yenye Kitambaa Chekundu

9 Februari

Kwa mjukuu wangu, mke wangu mdogo wa huko mjini,

Nina miaka themanini na moja na meno kumi na tisa, yote ya kwangu. Nimewazika wakubwa wa kazi saba, wote walikuwa wakinipigia kelele, na watatu kati yao nimewabebea jeneza kwa bega hili. Nimeishi kuliko simu ya kuzungusha, kuliko telegramu, kuliko kibanda cha simu cha sarafu pale sokoni, ambacho nilikifunga mimi na nikaja kuking'oa mimi. Kwa hiyo barua yako haikunitisha, hata kama ina mhuri.

Hatujambo. Bibi yako mgongo unamsumbua lakini mdomo mzima, anakusalimu mke mwenzake. Bati la jikoni lilitoboka, nikapanda mwenyewe kuliziba, majirani wakakusanyika kunitazama kama sinema. Redio yetu imekufa. Unafungua sauti yote haisemi kitu, na bado jirani akaja kugonga ukuta eti tunampigia makelele. Watu wana husuda. Mvua za kwanza zimeanguka, maji ya bwawa yako alama ya kwanza.

Sasa swali lako. Unasema mnakifunga kituo cha simu cha hapa, kituo nilichokitumikia miaka thelathini na minane, na kwamba kwenye ubao wa nyaya vijana wako wameikuta laini namba 212 imefungwa kitambaa chekundu. Haimo kwenye daftari, haimo kwenye kompyuta. Unataka kujua ni ya nani, inatoka wapi na inakwenda wapi.

Jibu ni hili: isiguswe.

Limekwisha hilo. Nyaya za ubao ule nimezifunga kwa vidole hivi hivi. Ningeingia mle nimefumba macho, nikashika waya, nikakwambia huu wa duka la dawa, huu wa polisi. Nikisema isiguswe, haiguswi. Msalimie mama yako, hata kama hatazirudisha salamu.

Babu yako,
Fundi wa Laini Daraja la Kwanza

24 Februari

Shikamoo babu,

Na bibi namwamkia, mwambie dawa ya mgongo nimeituma kwa dereva wa basi la Jumamosi. Mimi mzima. Mama mzima, anashona, anakohoa kidogo. Salamu zako nimezifikisha.

Babu, nimekupigia simu mara kumi na moja. Inaita mpaka inakata. Ile simu ya mkononi niliyokununulia iko wapi? Jambo la dakika mbili tunalifanya la miezi miwili.

Kwa vile hujaniuliza, nakueleza kazi yenyewe. Zamani kila kitu kilikuwa na waya wake. Simu wake, kompyuta za benki wake, kipimo cha maji ya bwawa wake. Sasa vyote tunavipitisha njia moja, ule mkongo wa nyuzi za kioo. Ni kama gunia la posta. Sauti ya mtu inakatwa vipande vidogo, picha vipande, namba za kipimo vipande, vinatiwa gunia moja, na kule mbele kila kipande kinampata mwenyewe. Maji ya bwawa yakizidi, kipimo kinatuma habari huku makao makuu, na kompyuta inawasha king'ora cha Bondeni na kuwatumia watu wote ujumbe kwenye simu zao. Sekunde nne, babu. Wewe ulikuwa ukitembea na ngazi begani.

Kituo kinafungwa tarehe 28 Aprili. Ubao wote unang'olewa. Kabla ya hapo, mimi ndiye ninayesaini kwamba hakuna laini hai iliyobaki. Mitambo inaonyesha 212 haijapitisha hata neno moja tangu kumbukumbu zianze. Kwa kanuni yetu, laini iliyokaa siku tisini bila kutumika imekufa.

Nipe sababu moja tu ya kuandika. "Isiguswe" haina nafasi yake kwenye fomu.

Mjukuu wako

11 Machi

Mjukuu wangu,

Dawa imefika, bibi yako anatembea kama askari. Mimi goti la kushoto linalia, lakini la kulia linalibembeleza. Maji alama ya pili.

Simu ya mkononi iko kabatini, imefungwa kwenye soksi. Mimi mambo ya maana siyaongei kwenye simu. Miaka thelathini na minane nimeyasikia ya watu humo, wanaotongozana, wanaotukanana, wanaoombana msamaha huku wamelewa. Nawe ungekuwa mimi ungeandika barua.

Vijana wako walikuja. Nilitangulia, nikaweka kigoda mlangoni pa kituo, nikakaa na chupa yangu ya chai. Mkubwa wao ni yule mwenye miwani minene. Hapa mtaani sasa anaitwa Miwani, jina nimempa mimi na limeshika. Akaniambia, "Mzee, tupishe, tuna kazi."

Nikamwambia, "Kazi gani, mwanangu? Kupima au kukata?"

Akasema kitu. Nikamwambia asinong'one, mimi si mchumba wake. Akapaza sauti: "Kupima, mzee!"

"Pima hapa basi." Nikamnyoshea nyaya mbili nilizozitoa mfukoni. "Ipi hai, ipi imekufa?"

Akaziangalia. "Zote hazijaungwa popote."

"Kumbe. Basi waya hauna uhai wake wenyewe. Uhai uko kule mwisho, kwa mtu. Wewe umekwenda mwisho?"

Wenzake walimcheka, lakini kijana ana adabu, akakaa chini tukanywa chai. Nimemwambia, nakwambia na wewe. 212 inatoka kwenye kibanda cha mlinzi wa bwawa, inashuka kwa nguzo za kilimani, inapita kwenye ubao tu, bila kugusa mitambo yenu, na ndiyo maana mitambo yenu haiioni. Inakwenda mpaka zahanati ya Bondeni. Kila upande kuna simu ya kuzungusha, haitaki umeme, haitaki kompyuta. Mlinzi akizungusha, kengele ya zahanati inalia, muuguzi anapiga filimbi, watu wanapanda juu. Nimeivuta mwenyewe, peke yangu, siku zangu za mapumziko, nguzo kwa nguzo. Kampuni haikuniruhusu kwa sababu sikuiomba.

Sasa nikuulize mimi. Huo mkongo wako unavuka mto wapi? Nimekwenda kutazama. Umefungwa chini ya daraja. Na kebo ya mnara wa simu za mkononi? Chini ya daraja hilo hilo. Na ya king'ora? Hapo hapo. Daraja liko chini kidogo ya bwawa, na maji yakitoka yanaanza na daraja ndipo yaende Bondeni. Mmewafunga ng'ombe wote kwa kamba moja na kamba yenyewe mmeifunga kwenye mdomo wa mamba. Gunia lako likitumbukia mtoni, hizo sekunde nne utampelekea nani?

Babu yako,
Fundi wa Laini Daraja la Kwanza

29 Machi

Shikamoo babu,

Huku wazima. Kikohozi cha mama kimepungua.

Barua yako imechukua siku kumi na tatu. Niliisoma nimesimama. Kuhusu daraja umesema kweli, nimeangalia ramani nikakuta ni kama ulivyoandika. Njia ya pili ya mkongo imo kwenye mpango, lakini ni ya mwaka ujao.

Nilimpelekea mkurugenzi. Akaniuliza, "Nani aliyeidhinisha laini hiyo?" Nikasema babu yangu. Kikao kizima kilicheka, babu, nami nilikuwa nimesimama mbele yao na kalamu mkononi. Akasema hawezi kubakiza jengo zima kwa ajili ya waya ambao hauna karatasi, hauna tarehe, wala hauna shahidi. Amenipa hadi tarehe 15 Aprili nisaini, au atasaini mwingine na mimi nirudi kwenye meza ya kujibu malalamiko ya wateja.

Kwa hiyo naomba unijibu mambo matatu. Uliivuta mwaka gani? Kengele ililia mara ya mwisho lini? Na kwa nini mtu aibe siku zake za mapumziko kuvuta waya ambao hakuna aliyemtuma?

Kuna la nne. Jana nilimsimulia mama, nikacheka, nikamwambia hata kitambaa chekundu kakifunga. Aliweka chini nguo aliyokuwa akishona. Akasema, "Muulize babu yako ule waya wa kwanza alimpa nani." Akaingia chumbani, na mpaka asubuhi hakutoka.

Waya wa kwanza upi, babu?

Mjukuu wako

6 Aprili

Kwa mjukuu,

Tu wazima. Maji alama ya tatu.

Usimchokoze mama yako. Mtoto hachimbi kaburi la baba yake kutafuta karatasi ya ofisi. Nimekwambia isiguswe, nimekwambia inakwenda wapi, nimekwambia habari ya daraja. Kama kwenu huko neno la mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na minane si karatasi, saini. Fanya utakalo.

Sina la kuongeza.

Babu yako

15 Aprili

Shikamoo babu,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nilikuwa nikiingoja kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali, nikaifungua kwenye ngazi za ofisi. Mistari sita.

Sijui ulitaka nifanye nini nayo.

Nimesaini saa nane mchana. Watakata tarehe 28, saa tatu asubuhi. Miwani ndiye atakayekata. Nimekuambia ili usije ukasikia kwa watu.

Msalimie bibi.

Mjukuu wako

20 Aprili

Mjukuu wangu, damu yangu,

Hii nampa dereva wa basi mkononi, posta siiamini tena. Bibi yako amenikalia mbele hapa mezani, amesema sinyanyuki mpaka niandike. Ameyajua haya miaka ishirini na minane na hajawahi kunitamkia hata siku moja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na leo nimeuona.

Maji yamepita alama ya tatu.

Uliambiwa baba yako alichukuliwa na maji. Ni kweli. Wewe ulikuwa na miaka miwili. Alikuwa mwendesha pampu pale Bondeni, kibanda cha pampu kilikuwa ubavuni mwa zahanati, na kwenye ukuta wake kulikuwa na simu ya kuzungusha iliyotoka bwawani. Ile ndiyo laini ya kwanza. Ilivutwa na waliotutangulia, ilikuwa kwenye daftari, ilikuwa na karatasi zote unazozitaka. Ila ilikaa miaka kumi na mmoja bila kulia, kwa sababu maji nayo yalikaa miaka kumi na mmoja kwa adabu.

Akaja mkubwa mmoja aliyejenga nyumba kwenye njia ya kwenda bwawani. Alikuwa na simu sebuleni, akataka ya pili chumbani, mke wake asiwe anashuka ngazi. Laini za upande ule zilikuwa zimekwisha. Bosi wangu wa tano akaniambia, "Fundi, wewe ndiye bingwa, nitafutie laini iliyokufa." Bingwa nikaenda. Nikaweka sikio kwenye ile ya bwawa. Kimya. Nikangoja. Kimya. Sikutembea mpaka bwawani, sikushuka mpaka Bondeni, na Bondeni alikuwepo mwanangu wa kumzaa, ambaye ningekwenda kumuuliza tu, "Hii simu yako mnaitumia?" Nilikuwa na sikio kuliko watu wote, nikaliamini. Nikasema imekufa. Nikakata upande wa Bondeni, nikaunga chumbani kwa mkubwa. Alinipa mkono wa ahsante mbele ya watu.

Siku ya tisa maji yakatoka. Mlinzi wa wakati ule alizungusha mpaka kishikio kikamkatikia mkononi. Na kengele ililia, mjukuu wangu. Ililia chumbani kwa mkubwa. Mke wake akapokea, akasikia mwanamume anapiga kelele, maji, maji. Akamjibu kwamba hapa si ofisi ya maji, amekosea namba. Akakata.

Watu kumi na wanne. Baba yako alikuwa akifunga pampu.

Shati lake la kazi lilikuwa jekundu, mama yako ndiye aliyelishona. Kipande kilibaki kwenye msumari wa mlango. Mama yako aliniuliza mbele ya waombolezaji nilimpa nani ule waya, nikamwambia kazi ya kampuni haina maswali. Ndilo neno la mwisho tulilosemezana. Akakuchukua mkaondoka.

Mwaka ule ule nikavuta hii 212. Sikumwomba mtu ruhusa kwa sababu ile ya kukata nilipewa haraka mno. Kila mwaka kabla ya mvua, Kifaru, huyu mlinzi wa bwawa wa sasa, alikuwa akizungusha mara tatu na mimi nikipokea zahanati. Mara ya mwisho ni miaka mitatu iliyopita. Sababu ya kuacha ni yangu. Umeuliza maswali manne, nimekujibu yote.

Sikutaka ujue kwamba kanuni yako ya siku tisini mimi niliitumia kabla yako.

Babu yako

23 Aprili

Babu,

Shikamoo. Dereva alinikuta kazini jana mchana, nikasaini kumpokea kama mzigo. Nilimsomea mama jioni ile ile, neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameshika mkasi. Leo asubuhi nimekuta mezani kitambaa kimekunjwa, na ameniambia, "Muulize kama kile cha kwanza kimepauka. Kama kimepauka, afunge hiki." Kimo ndani ya bahasha. Ana shati zima, babu, kasoro kipande chako. Mimi sikujua kwamba lipo.

Mengine tutaongea uso kwa uso. Sasa kazi, maana siku ni tano, na barua hii anairudisha dereva yule yule.

Nimekwenda kuifuta saini yangu. Mkurugenzi amesema saini si chaki. Lakini nimeisoma kanuni yetu mpaka mwisho, ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Inasema laini ikitumika hata mara moja ndani ya siku tisini, mbele ya fundi wa kampuni na mashahidi wawili, ni laini hai, na laini hai haikatwi mpaka mwenyewe apewe njia nyingine iliyojaribiwa. Mara moja tu, babu.

Nimeongea na Miwani. Tarehe 26 saa nne asubuhi Kifaru azungushe mara tatu, kama mlivyokuwa mkifanya. Miwani atakuwa zahanati kwa niaba ya kampuni. Mashahidi ni muuguzi na wewe. Lazima mmoja awe ni mstaafu anayeijua laini, na wengine waliobaki hai siwajui. Fomu ameshika Miwani. Utaandika kwamba umeisikia kengele kwa masikio yako, utasaini, basi. Mtu aliyekuwa na sikio kuliko wote, kwako hilo ni jambo la kunywea chai.

Swali moja linaninyima usingizi. Miaka mitatu haijajaribiwa. Bado inalia?

Mjukuu wako

29 Aprili

Mjukuu wangu,

Sisi wazima. Naanza na hilo kwa sababu najua umekuwa ukipiga simu na hazipiti. Bibi yako mzima, nyumba yetu iko juu, haikuguswa. Barua hii inazunguka kwa njia ya milimani, dereva amesema siku mbili.

Tarehe 26 nilikuwa zahanati tangu saa mbili. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na maji yako alama ya nne, ambayo tangu ichorwe hayakuwahi kuifikia ila mwaka ule. Asubuhi hiyo nilianzia kituoni nikafunga kitambaa cha mama yako. Kile cha kwanza kimepauka mpaka kimekuwa rangi ya chai. Sikukitoa. Vimekaa viwili.

Miwani aliiweka fomu kwenye meza ya dawa. Muuguzi, mama yule mnene anayewachoma watoto sindano huku anawaimbia, alikuwa amesimama mlangoni anatazama mvua. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, nimeweka kiganja juu ya kengele.

Miwani akasema, "Mzee, toa mkono, utazuia sauti."

Nikamwambia, "Mkono unakaa hapa."

Saa nne kamili kiganja kikatetemeka. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Miwani akaruka kama mtoto, akanipiga mgongoni. Muuguzi alikuwa anacheka. Niliwaona wanacheka. Kengele iliyokaa miaka mitatu, mjukuu wangu, ilitetemeka kama ndiyo kwanza nimeifunga jana. Kazi ya nani ile? Sisemi.

Akanipa kalamu. Nikasoma: mimi niliyetia saini nimesikia kwa masikio yangu. Nikaiweka kalamu chini.

"Mzee, vipi? Saini."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Si umesikia?"

"Sijasikia," nikamwambia. "Sisikii kitu. Miaka mitatu sasa."

Sasa na wewe unajua. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda zahanati kupokea jaribio la mwaka. Nikangoja, kimya. Nikasema laini imekatika. Nikapanda nguzo, goti hili hili, nguzo ishirini na saba, siku mbili, kila muungo mzima. Nikarudi kwa hasira, nikasimama mbele ya kengele, na muuguzi akanigusa bega akaniambia kwa midomo mipana kama anamwambia mtoto, "Mzee, mbona hupokei? Inalia." Ndiyo siku niliyojua. Simu yako ya mkononi nimeitia kwenye soksi kwa sababu hiyo, na redio yetu haina ugonjwa wowote. Nilikuwa nikiwaangalia watu midomo, nikidhani sitajulikana. Bibi yako alijua siku ya kwanza.

Miwani aliniangalia, akaiangalia fomu. Akaanza kuandika kwa vidole kwenye simu yake ili akuulize wewe ufanyeje. Akaitikisa. Akaenda nayo dirishani. Nikamwona anasema, "Mtandao umekatika."

Hapo ndipo kiganja kikatetemeka tena. Nilikuwa sijautoa mkono.

Muuguzi akasema kwa ishara, Kifaru huyo anacheza, amefurahi. Miwani naye akacheka. Lakini zile mara tatu zilikwisha, na huku kulikuwa ni kuzungusha bila kupumua. Miaka ishirini na tano nilipokea majaribio ya Kifaru, najua mkono wake unavyozungusha akiwa na furaha. Nikamvuta Miwani, nikambandika kiganja chake juu ya kengele chini ya changu. Nikamwambia, "Mtandao wako umekatika na hii inalia. Pokea!"

Akapokea. Niliuona uso wake.

Daraja lilikuwa limekwenda, na kila kilichofungwa chini yake. Mnara ulikuwa bubu, king'ora bubu. Muuguzi alikwishatoka na filimbi mdomoni. Miwani alipita nyumba kwa nyumba akigonga milango kwa ngazi ya chuma, miwani yenyewe imeanguka haoni mbele. Mimi nilibeba mtoto mmoja, na mama mmoja mzee kuliko mimi nikamsukuma kwa nyuma, ananitukana. Tulipofika juu nikageuka. Maji yaliingia Bondeni baada ya muda kama wa kumchinja kuku na kumnyonyoa. Kibanda cha pampu kimekwenda, zahanati imekwenda, kengele imekwenda, nyumba arobaini na kitu zimekwenda.

Tuliwahesabu watu mara tatu. Wote wapo.

Jana tarehe 28 saa tatu nilikuwa kituoni na kigoda changu. Miwani alikuja bila koleo. Alikuja na kebo mpya begani, akaniuliza tuanzie nguzo ipi kuirudisha Bondeni. Nimemwambia atanishikia ngazi, maana kijana hajui muungo.

Fomu ililowa lakini inasomeka. Imo humu. Mahali pangu pa kusaini nimepaacha wazi. Mwambie mkurugenzi wako kwamba mzee wa laini ile alidanganya mara moja, alipoweka sikio akasema imekufa, na hatadanganya tena kwa kusema ameisikia.

Mama yako akiuliza, asichukue neno langu, ana haki. Amuulize muuguzi wa Bondeni, aliyelala jana kwenye jengo la shule na watu wake wote. Amuulize Kifaru, ambaye kiganja chake cha kulia kimechubuka mpaka nyama kwa kuzungusha. Amuulize Miwani, mtu wa kampuni, aliyepokea. Hao watatu waliisikia. Mimi nilishika tu.